Dengu Bila Manjano

Dharan, 9 Agosti 1993

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hong Kong na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mvua za mwaka huu zimetuamulia, na bati la jikoni linavuja palepale ulipoziba ulipokuja likizo. Mama kasema nikuandikie hivyohivyo, kwamba ulikuja ukaziba na sasa panavuja kuliko kwanza. Bibi ameshuka kutoka Tehrathum kuja kutibiwa macho, lakini macho yenyewe hataki yaguswe. Anashinda barazani akichachusha soya zake na kugombana na kuku, na harufu ya soya hizo imewafukuza hata wageni. Nguruwe amezaa.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini. Kapteni mstaafu Harkajang, yule mzee anayepita vijijini kutafuta vijana wa jeshi la Waingereza, alifika mtaani kwetu. Alitupanga mstari, akatupima vifua, akanitazama meno, akaniambia nikimbie hadi mto Seuti na kurudi. Niliporudi akasema, "Wewe mtoto wa Jasmaya, miguu unayo. Ulikuwa umejificha wapi miaka yote hii?" Mama akacheka, na mimi nikacheka. Amenichukua, Mjomba! Oktoba kuna mchujo wa huku milimani, na nikipita, Desemba ni mchujo wa mwisho Pokhara. Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu, mwakani umri utakuwa umenipita.

Nakuuliza wewe kwa sababu ni wewe uliyenipandisha mlimani, ukanifungia kwenye ghala la mahindi la Bibi mpaka arosto ikanitoka. Wakiniuliza kama niliwahi kubwia unga, niseme nini? Tangu siku ile sijagusa, na unajua sikudanganyi. Lakini mtu aliyebwia akaacha, wanamchukua au hawamchukui? Wewe uko ndani ya jeshi lao, wewe ndiye unayejua. Nijibu hata kwa neno moja.

Mama bado anaendelea na hadithi ya ini. Unakumbuka ulivyomfundisha: "Wakiuliza mtoto yuko wapi, sema anaumwa ini." Basi hadi leo ananipikia dengu bila manjano wala mafuta, kama wanavyopikiwa wagonjwa wa ini, ili majirani wakichungulia chungu waone. Mama Lokbir, jirani yetu, bado ananiletea muwa wa kusafisha ini. Nimechoka na dengu zilizopauka, ila nikifungua mdomo mama ananikata jicho.

Mpwa wako,
Asharman

*

Hong Kong, 31 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia nguruwe kazaa, kwa maana hiyo kuna mtu mmoja nyumbani anayefanya kazi. Mwambie dada yangu kwamba bati lile lilikuwa zima mpaka alipolipandishia maboga. Mtu hawezi kulima juu ya paa halafu akamlaumu fundi. Mwambie pia Bibi akubali kutibiwa macho. Huku joto ni kali na mke wangu analalamika kila siku kwamba nyumba za kambi ni kama masanduku.

Sasa sikiliza habari ya kapu. Pokhara watakujazia mchanga kwenye doko, kapu la mgongoni, na utapanda nao kilima mbio. Wengi wanaanguka hapo, wala si kwa sababu ya miguu, ni shingo. Anza leo. Mkanda wa kapu uukalishe juu kidogo ya paji, usiuache ushuke kwenye nyusi. Hatua fupi. Usitazame kilele, tazama visigino vya aliye mbele yako. Viatu visiwe vipya siku ya mbio. Kila jioni jipake mafuta ya haradali shingoni, na Bibi akukande, mikono yake bado ina nguvu kuliko yangu.

Kuhusu lile jingine, tutaongea. Wewe kimbia kwanza. Kula vizuri, lala mapema.

Mjomba wako,
Tularam

*

Dharan, 19 Oktoba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Bibi ametibiwa jicho moja. Sasa anaona vizuri, na jambo la kwanza aliloona ni kwamba mama amezeeka, akamwambia. Wamenuniana siku kadhaa. Sikukuu ya Dasain tunaisherehekea bila wewe. Nani wa kunibandika mchele mwekundu kwenye paji la uso? Nimepita mchujo wa milimani! Shingo ilikaza, mkanda niliukalisha ulivyosema.

Lakini Mjomba, "tutaongea" yako haikunisaidia kitu. Nilisoma barua mbele na nyuma, nikatazama hata ndani ya bahasha. Nami huku nimechanganyikiwa. Lokbir, ambaye mwaka jana alirudishwa kwa sababu ya masikio, anasema daktari anakumulika machoni na kuona kila kitu. Kinyozi anasema unga unajificha kwenye nywele, ninyoe kipara. Kocha wetu wa mbio anasema uko kwenye damu miaka saba. Mwingine anasema hawapimi chochote, wanakuuliza tu, na ukikubali wanakusifu kwa ukweli. Mwingine tena anasema ukikubali, jina lako linapelekwa polisi. Mama hataki kusikia lolote, yeye kila asubuhi ananichemshia majani machungu ninywe mpaka nitapike. Nimenyoa kipara, na majani nayanywa. Sijui hata ninachokisafisha.

Na sasa kuna balaa jipya. Kabla ya mchujo Kapteni Harkajang alikuja kututakia heri. Mama akampakulia chakula, sahani yake dengu za njano, yangu zilizopauka. Mzee akauliza, "Huyu vipi, mbona anakula kama mgonjwa?" Mama, kwa mazoea, akaitoa hadithi yote. Ini, macho ya njano, muwa, Bibi na dawa za mlimani. Akaieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikajisikia naumwa. "Ila sasa amepona kabisa, Kapteni." Mzee akanawa mikono, akatoa daftari akaandika kitu, akaondoka.

Kwenye mchujo, msaidizi mmoja wa daktari akanitazama akasema, "Ndiye wewe wa ini? Utaulizwa Pokhara." Lokbir anasema mwenye ini hawamtaki kabisa, wanaogopa ataambukiza kambi nzima.

Basi nifanyeje? Nikisema niliumwa ini, nimejifungia mlango. Nikisema sikuumwa, wataniuliza nilikuwa wapi miezi ile. Mjomba, ini ulilitunga wewe. Niambie namna ya kulitoa.

Asharman

*

Hong Kong, 11 Novemba 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Pongezi kwa kupita. Mke wangu amekununulia fulana ya kukimbilia, imetoka kubwa, mwambie mama aipunguze. Mwambie Bibi asimuudhi dada yangu, nyumba ina jiko moja. Goti langu linaendelea.

Mwezi wa kumi na mbili nitakuwa safarini kikazi, kwa hiyo usiniandikie mpaka mwaka mpya. Ukiniona mahali popote, usiniite mjomba.

Kaza shingo.

Tularam

*

Dharan, 22 Desemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, Bibi hajambo, fulana imepunguzwa. Leo sina salamu nyingine.

Nimekuandikia hata kama ulinikataza, maana siwezi kungoja mwaka mpya, silali. Nieleze kilichotokea Pokhara, kwa sababu nilikuwepo na sijakielewa.

Kwenye kapu nilikuwa wa pili, Mjomba. Wa pili kati ya vijana wote waliotoka mashariki na magharibi! Nilitazama visigino vya kijana mmoja wa kabila la Gurung mpaka juu, sikukiona kilima. Nilipotua doko nikajua nimeshaingia.

Kesho yake wakatuingiza kwa daktari mmojammoja. Nikafungua mlango. Daktari kijana wa Kiingereza, masikio mekundu kwa baridi. Na kando yake, umekaa wima na kofia yako, wewe. Nusura nipige kelele. Nikakumbuka barua. Nikafikiri, ukoo wako ni Lingden, wangu ni Nembang, nani humu ndani atajua kwamba mama yangu ni dada yako?

"Namba yako?" ukaniuliza, utadhani hukuwahi kunishika kichwa nikitapika.

"Mia moja na kumi na mbili, afande."

Daktari akanipima mapafu, akanibonyeza tumbo upande wa kulia, akabonyeza tena. Akasema neno, ukatafsiri.

"Daktari anauliza, mwaka juzi uliumwa ini?"

Nilikutazama ili unipe hata ishara. Ulikuwa unatazama ukuta. Mjomba, pale kichwa kilikuwa kimevurugika kabisa. Nilikuwa na majibu ya kinyozi, ya kocha, ya Lokbir na ya mama, lako tu ndilo sikuwa nalo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana, afande. Sijawahi kuumwa ini. Nilikuwa nabwia unga. Kuna mtu alinifungia ndani, nikaacha. Tangu hapo sijagusa."

Daktari akainua macho. Kisha ukaongea Kiingereza, na ukaongea kirefu. Mimi nilisema maneno machache, yako yalikuwa mengi! Kiingereza changu ni cha darasani, na ulikuwa unaongea kwa sauti ya chini, sikushika chochote. Daktari akaweka kalamu chini. Akanitazama, akakutazama. Akakuuliza kitu, ukajibu kwa neno moja.

"Toka nje," ukaniambia. "Vaa shati, kuna baridi."

Jioni waliita namba. Mia moja na kumi na moja waliiita. Mia moja na kumi na tatu waliiita. Ofisa akatuambia tuliobaki, kila mtu na sababu yake, na sababu yangu ni afya. Afya ipi, Mjomba? Ini nisilowahi kuumwa au unga nilioacha? Asubuhi nilikuvizia karibu na lango, hukutokea, na nilipochungulia kwa daktari, kwenye kiti chako kakaa mtu mwingine.

Nakuuliza swali moja. Uliwaambia nini?

Asharman

*

Dharan, 3 Februari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mwaka mpya umefika, mwezi umekwisha, hujajibu. Watoto wa nguruwe tumeuza. Bibi anakusalimu.

Mama amewaambia majirani kwamba nimekataliwa kwa ajili ya ini. Kwa hiyo muwa umeongezeka. Mama Lokbir analeta mwenyewe, anakaa mpaka nimalize kutafuna.

Viatu nimevitundika. Siku hizi naamka jua likiwa juu, nashuka Seuti na kukaa kwenye mawe. Lokbir huwa yupo. Ameanza, Mjomba. Mama yake hajui, au anajifanya. Jana aliniita "koplo", akanionyesha kakaratasi, akasema, "Ulikuwa unajitunza kwa ajili yao. Sasa unamtunzia nani?" Sikugusa. Lakini sikuondoka pia, nilikaa pale mpaka akamaliza.

Nakwambia hili ili ujue. Kama uliwaambia niliumwa ini ili kuficha aibu ya ukoo, sema. Kama uliniuza, sema. Bora nikuchukie nikijua ninachokuchukia.

Asharman

*

Hong Kong, 24 Februari 1994

Mpwa wangu Asharman,

Marahaba. Mke wangu hajambo. Goti halijambo, halijawahi kuumwa sana, nimekuwa nalisingizia tu ili barua ziwe na jambo la kuandika.

Barua yako ya Agosti niliisomea jikoni kambini, nimesimama. Uliomba neno moja, na neno nilikuwa nalo palepale. Hawachukui. Aliyebwia unga, hata kama ameacha, hawamchukui. Nimewaona waliorudishwa. Nilishika kalamu nikuandikie hivyo, nikaandika habari za mkanda na mafuta ya haradali.

Sababu ni kwamba mama yako alikuwa ameniandikia. Alisema unaamka kabla ya jogoo na kukimbia, na kwamba kwa mara ya kwanza anasikia ukiimba bafuni. Nikajiuliza, nikimwambia leo, kesho ataamkia nini? Kila asubuhi uliyokimbia ilikuwa asubuhi ambayo hukubwia. Nikasema acha akimbie. Nilikuogopa, mpwa wangu. Nilikaa nje ya mlango ule wa ghala na kukusikia ukimwita mama yako, na sikutaka kukaa pale tena.

Oktoba nikaambiwa nitakwenda Pokhara kuwa mkalimani wa daktari mgeni. Nilitakiwa kusema kwamba nina mpwa atakayekuwepo. Sikusema. Siku ya kapu nilisimama kule juu kileleni, na nitakwambia ukweli hata ukinitukana: nilikuwa naomba uanguke. Ili kapu ndilo likukatae, nisikukatae mimi. Nikakuona unakuja wa pili, shingo imekaa vizuri, mkanda juu ya paji kama nilivyokufundisha. Nililia mbele ya wenzangu, nikasingizia vumbi.

Daktari alipouliza habari ya ini, nilijua ukikubali unarudi nyumbani kwa uongo wangu. Mwaka huo walikuwa wakiogopa ini kuliko risasi. Ukikataa, atauliza zaidi na utarudi nyumbani kwa unga. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa, ndiyo maana nilitazama ukuta.

Nilitafsiri kama ulivyosema, neno kwa neno. Yale mengine marefu yalikuwa yangu. Nilimwambia huyu ni mtoto wa dada yangu, mlango niliufunga mimi, na ini ni uongo wangu. Akaniuliza, "Amesema haya akijua yatamgharimu nini?" Nikasema, "Ndiyo." Hapo nilimdanganya, maana ulikuwa hujui, sikuwa nimekwambia. Akasema anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Wamenitoa kwenye kiti, na utumishi wangu unaishia hapa. Juni narudi Dharan moja kwa moja na pensheni yangu.

Wewe hukukataliwa kwa uongo. Sijui kama hilo linasaidia. Mimi bado sijui nilifanya vibaya kukunyamazia au nilifanya vizuri. Nikifikiria zile asubuhi nasema vizuri, nikisoma barua yako ya Februari nasema vibaya.

Usikae na Lokbir kwenye yale mawe. Nakuomba, sikuamuru.

Tularam

*

Tehrathum, 26 Aprili 1994

Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo, amerudi kwake huku mlimani na macho yake mapya, anaona uchafu kila mahali. Mama hajambo. Mahindi yameota.

Barua yako nilimsomea mama yote, hata pale pa kuomba nianguke. Nilikuwa nimekasirika, nikataka na yeye akasirike. Siku mbili alikuwa anapika na kufua kimyakimya. Mimi nilivichukua viatu nikaenda kukimbia kwa hasira, nikikutukana njia nzima. Kesho yake nikakimbia tena. Sijui nakimbilia nini, lakini naamka.

Sikukuu ya mwaka mpya wetu, huu wa Aprili, mama aliita majirani. Dengu zilikuwa zinachemka uani, wote wamekaa wanavuta tongba, pombe ya ulezi, kwa mirija. Mama akaenda jikoni, akarudi na kopo la manjano, akachota kijiko kizima akamimina kwenye chungu changu mbele ya watu wote. Mama Lokbir akaruka.

"We Jasmaya! Ini la mtoto!"

"Hakuwahi kuumwa ini," mama akasema. Alikuwa anakoroga, hakumtazama mtu. "Alikuwa anabwia unga. Akaacha. Kaka yangu alimfungia, na kule kwa Waingereza alisema mwenyewe kwa mdomo wake."

Mjomba, nilitaka ardhi inimeze. Watu waliacha hata kuvuta tongba. Bibi ndiye aliyeokoa, akasema, "Mimi nilikuwa nampitishia ugali wa ulezi chini ya mlango. Alikuwa anaula na kunitukana." Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Mama Lokbir akakaa chini polepole. "Tulijua siku nyingi," akasema. "Muwa wenyewe ulikuwa umezidi tu shambani." Nikala dengu za njano mpaka tumbo likauma. Nilikuwa nimesahau utamu wake.

Wageni walipoondoka, Mama Lokbir alibaki. Alisaidia kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Kisha akamsogelea mama, akauliza kwa sauti ndogo, "Lile ghala la mahindi la mlimani, bado lina kufuli?"

Ndiyo maana nakuandikia kutoka Tehrathum. Nilimpandisha Lokbir wiki iliyopita, vyakula vyote nimebeba kwenye doko. Nimekaa nje ya mlango, kwenye lile gogo lako. Ni mimi ninayemshika kichwa. Sasa najua kwa nini ulitazama ukuta.

Jana aliniuliza kupitia mlangoni, "Nikitoka humu nikapona, nikatibiwa na masikio yangu, watanichukua?"

Nilifikiria kumwambia habari za mkanda na mafuta ya haradali. Halafu nikamwambia, "Hawachukui. Mimi nilikuwa wa pili na hawakunichukua."

Amenitukana matusi ambayo hata mimi sikumtukana Bibi. Amepiga mlango mateke. Akauliza, "Sasa nikitoka nitakuwa nani?" Nikamwambia sijui, Mjomba, kwa sababu sijui. Nikamwambia mimi niko hapa nje. Ametulia kidogo sasa, anataka uji.

Hasira yangu kwako haijaisha, nitakupa iliyobaki ukifika. Juni ukija, pita hapa kwanza, gogo linatosha watu wawili. Bati la mama litasubiri.

Mpwa wako,
Asharman